Maji ya Saa Sita

Konokono mwenyewe alikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Alikaa ndani, kwenye kitako cha glasi ya chai iliyojaa maji, na glasi iliwekwa juu ya kigoda, uani, juani. Mzee Cornel alikuwa ameniambia nisiiguse. Tulikaa upande huu na huu wa kigoda kile kama watu wanaongoja maiti itolewe ndani. Jogoo akaja kuchungulia, akafukuzwa. Jua likazidi kupanda. Ilipokaribia saa tano niliona kitu ambacho mwanzo nilidhani ni vumbi: punje nyeupe, ndogo kuliko unga wa uwele, zinamtoka yule konokono na kupanda juu kwa kujikunjakunja. Kumi. Hamsini. Baadaye hazikuhesabika, na maji yakawa kama yametiwa tone la maziwa.

"Hao sasa," akasema mzee Cornel. "Saa sita ndipo wanapotoka kwa wingi kabisa. Haya, nieleze. Nyinyi mliingia lamboni saa ngapi?"

Nikazidi kuyatazama yale maji meupe.

Kule Chinyawile, kijijini kwetu, waliniita Bwana Barua. Wengine waliniita hivyo kwa heshima, wengi kwa kunicheka, nami sikujali, maana barua nilikuwa naziandika kweli. Elimu yangu iliishia darasa la saba. Iliyobaki niliiiba mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa sabuni na kwenye vitabu vya watu waliohama. Nilikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma mjini mpaka mwaka tisini na tano, shirika lilipouzwa. Tulipangwa mstari asubuhi moja, tukasomewa majina kama wafungwa, jioni tukawa watu huru. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufa kwa kiu ukipenda. Nikarudi nyumbani na baiskeli, sanduku la magazeti, na hasira ambayo mpaka leo nikiigusa naona bado ina moto.

Hasira yangu ilikuwa na anwani. Ilikuwa kisima.

Kabla ya kisima tulikuwa na lambo, tulilolichimba wenyewe kwa majembe zamani za operesheni vijiji, mimi nikiwa kijana wa miaka ishirini. Baadaye ukaja mradi wa wafadhili, ukatuchimbia kisima cha pampu ya mkono, na pamoja na mradi akaja bwana afya, Cornel huyu huyu, na chekeche lake lenye mpini mrefu. Alikuwa akichota konokono lamboni na kuwapima watoto mkojo. Kwetu mvulana akikojoa damu wazee walicheka, wakasema amekuwa mwanamume: dada zake hupata yao, naye amepata yake. Mimi mwenyewe, kabla ya lambo, enzi za kuogelea madimbwini, nilikojoa damu nikiwa na miaka kumi na moja, nikawaita wenzangu waje waone. Cornel ndiye aliyetuambia kuwa ile si sifa, ni kichocho. Halafu wafadhili wakabadili mawazo, gari likaondoka, Cornel akahamishwa, kisha akastaafu kwao Chamwino. Mwaka tisini na tatu pampu ikakatika fimbo yake ya ndani. Kipuri kikatafutwa kwenye ghala la serikali, ghala nalo likawa limeuzwa. Wanawake wakarudi lamboni na ndoo zao.

Niliandika barua arobaini na moja. Wilayani, mkoani, wizarani, magazetini. Mtendaji wa kata, Yahaya, kila akinikuta njiani aliniuliza, "Leo umemwandikia nani, Bwana Barua? Malaika?" Na wenzake wanacheka.

Katika stoo ya mradi iliyobaki magofu nikaokota kijitabu cha afya. Kilikuwa kimebakiwa na kurasa kumi na nne za mwanzo. Nyingine watu walikwisha kuzivuta na tumbaku. Ukurasa wa kumi na nne ulieleza kwamba mayai ya mnyoo hutoka na mkojo wa mgonjwa, hupasuka majini, na kijidudu kinachotoka humo humtafuta konokono, kikaingia mwilini mwake na kuzaana humo kwa majuma kadhaa. Hapo ukurasa uliisha. Nilichokifanya baada ya hapo ndicho ninachokisimulia. Yaliyokosekana niliyajaza mwenyewe.

Nilijiambia hivi: kama mnyoo bila konokono hauzai, basi konokono ndiye adui, na adui huyu hana wilaya wala wizara, tunaweza kumtoa wenyewe. Na ugonjwa unaingiaje mwilini? Kwa kinywa, bila shaka. Kipindupindu kinaingia kwa kinywa, tumbo la kuhara linaingia kwa kinywa, kwa nini huu uwe na mlango mwingine? Sikumwuliza mtu. Cornel alikuwa Chamwino, mwendo wa siku moja kwa baiskeli. Sikwenda.

Mwaka tisini na nane ulikuwa mwaka wa zile mvua zilizobeba madaraja. Lambo lilifurika mpaka kwenye mikwaju, na maji yalipoanza kushuka mwezi wa sita kingo zote zilikuwa majani mabichi, na kila jani lina konokono wake. Nikaitisha mkutano. Nikasema tutafanya msaragambo, kama tulivyochimba lambo lenyewe: kila kaya itoe mtu, tuingie na ungo na vikapu, tumalize kizazi chote. Tutafanya Jumamosi tatu, saa sita mchana, maana asubuhi watu wako shambani wakivuna mtama na maji bado yana baridi. Nikatoa na amri moja, ambayo niliiona ya kitaalamu kabisa: asinywe mtu tone la maji ya lambo. Maji ya kunywa yachemshwe usiku, yaje na madebe.

Basi tukachemsha maji. Madebe sita yalipangwa kivulini, yamefunikwa vizuri, na mimi nikasimama karibu nayo kama askari. Nilikuwa makini mno. Nilikuwa makini juu ya jambo ambalo si lenyewe.

Anitha alikuja siku hiyo ya kwanza na wanafunzi wake wa darasa la saba. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mwaka wake wa kwanza wa kazi, binti wa Njombe, huko kwenye baridi na mito inayokimbia. Alikuwa mgeni kwetu kwa kila kitu. Mlenda ulikuwa bado unamshinda, na watoto walimpenda kwa sababu alicheka aliposhindwa. Yeye peke yake, katika watu mia na zaidi, ndiye aliyeuliza. Alisimama ukingoni, amepandisha sketi na kuifunga kwa kanga, ungo mkononi.

"Baba Hana, una hakika maji haya hayana neno?"

"Usinywe tu, mwalimu," nikamwambia. "Mengine niachie mimi."

Akaingia. Wanafunzi wakamfuata.

Nitasema kweli: zilikuwa siku za furaha. Sijaona tena kijiji chetu vile. Wanawake walizama mpaka kiunoni wakiimba, wakimwagiana maji, wakisukumana. Dada yangu Debora, mkubwa wangu, mjane wa askari, alinipigia kelele kutoka katikati ya majani kwamba marehemu mumewe alipigana vita Uganda akarudi salama, lakini huyu mdogo wake aliyetangaza vita na konokono hajui kama atarudi. Kina mama wakaangua kicheko mpaka ndege wakaruka. Tulijaza magunia matatu. Tuliwamwaga kwenye shimo, tukawachoma na kuni za mkakatika. Mwandishi wa gazeti moja jipya la mjini alikuja Jumamosi ya tatu, akatupiga picha tumesimama na magunia, mimi mbele. Baada ya wiki mbili picha ikatoka: wanakijiji wanapigana na kichocho kwa mikono mitupu huku wilaya imelala. Wilaya ikaamka. Yahaya alikuja nyumbani kwangu kwa miguu yake mwenyewe, akaketi, akasema kwa sauti ya upole nisiyoijua kwamba mafundi wa maji watakuja, na kipuri kimepatikana.

Barua arobaini na moja hazikufanya lolote. Konokono walifanya.

Mwisho wa mwezi wa saba Anitha alishikwa na homa. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Ikapoa, ikarudi, akawa anajikuna mwili mzima, anakohoa, wakampa dawa ya malaria tena. Katikati ya mwezi wa tisa alianza kulalamika mgongo. Siku moja akawa anaandika ubaoni, mguu wa kushoto ukamkatalia, akashika meza. Kufikia wiki iliyofuata miguu yote miwili ilikuwa kama ya mtu mwingine na mkojo ulikuwa umefunga. Wapo waliosema amerogwa kwa kuwa ni mgeni na ni mzuri. Mwinjilisti Marko alimwombea. Mimi nilimtafutia lori la mtama lililokuwa likienda mjini, nikasaidia kumpandisha juu ya magunia, na Debora akapanda naye kwenda kumuuguza, maana binti wa watu hakuwa na ndugu karibu. Naapa kwamba siku ile sikuwa nimeunganisha jambo hili na lile. Hospitali walidhani ni kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo. Walimuuliza Debora habari za mgonjwa, naye akasema alichokijua: malaria, malaria, kisha hivi.

Nami Jumapili moja nikaenda kwa Cornel, nikalala kwake. Sikwenda kwa ajili ya Anitha. Nilikwenda kuomba elimu zaidi, kwa kuwa nilikuwa napanga msaragambo mkubwa zaidi, vijiji vitatu, na mwandishi aje tena.

Ndipo Jumatatu asubuhi akaniwekea glasi juani.

Nilipomwambia saa sita, alifumba macho kidogo. Hakunigombeza. Akanieleza yale yaliyovutwa na tumbaku. Vijidudu vile haviingii kwa mdomo. Vinaingia kwa ngozi. Wewe simama tu majini, vyenyewe vitakufuata, dakika chache vimo. Asubuhi na mapema ni vichache. Jua likikaza ndipo konokono anapovimwaga. Nikamuuliza mbona wengine wote hatukuugua. Akasema sisi tumekulia humo, miili yetu imezoea kubeba, inakuja kutulipa uzeeni kwenye kibofu. Anayeumia upesi ni mgeni. Wakati wa mradi alimwona fundi mmoja wa Kizungu aliyeogelea siku moja tu; baada ya miezi miwili miguu ikafa, kwa sababu mayai yalikwenda kukwama kwenye uti wa mgongo.

"Kuna mgeni aliyeingia?" akaniuliza.

Nikasema nitachunguza. Hivyo ndivyo nilivyosema, nitachunguza, kama wanavyosema wao maofisini.

Njia ya kurudi hupita mjini. Nilifika hospitali saa kumi, saa ya kuona wagonjwa. Nilinunua machungwa getini. Anitha alikuwa amelala ubavu, Debora anamkanda miguu kwa kitambaa cha maji moto, anaongea naye kana kwamba miguu ile inasikia. Daktari alikuwa anapita vitanda vya upande wa pili. Hatua kumi, kumi na mbili. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, nalo lilikuwa limefika mpaka kwenye ulimi. Lakini mafundi wa maji walikuwa waje Alhamisi. Yahaya alikuwa anatafuta sababu ya kunikomesha. Ikijulikana kwamba mwalimu wa serikali amelemazwa na msaragambo wangu, kipuri hakiji, na lambo litabaki, na watoto wataendelea. Hesabu hiyo niliipiga nimesimama pale na mfuko wa machungwa, na ilinijia yote imekamilika, yenye sababu nzuri nzuri, kama barua. Mpaka Alhamisi tu, nikajiambia. Siku chache, mtu aliyelala wiki nzima zitamzidishia nini?

Nikawaambia tu kwamba natoka kwa Cornel, nikawaaga.

Jumanne nilichambua karanga. Jumatano sikumbuki nilifanya nini. Alhamisi mafundi walikuja kweli, na gari jeupe. Wakateremsha kamba kisimani, wakapima, kijana mwenye miwani akaandika kwenye daftari. Yahaya alichinja kuku wawili. Yule kijana akanipa mkono, akaniambia, "Wiki mbili, mzee." Watu wakapiga makofi. Nilikula paja la kuku.

Ijumaa alfajiri nilipanda baiskeli.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana, Miriam jina lake, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilimwambia yote ya lambo: Jumamosi tatu, saa sita, kiunoni, mgeni kutoka Njombe. Aliweka kalamu chini. Akamtuma nesi kwa majina ya dawa mbili, moja ya kuua minyoo na nyingine ya kutuliza uvimbe wa uti wa mgongo, kisha akanigeukia. Aliuliza mbona hatukusema tangu mwanzo, maana ugonjwa huu kila siku ina thamani yake. Nikasema hatukujua.

"Na wewe umejua lini?"

Debora alikuwa amesimama nyuma yangu, na beseni.

"Jana," nikasema.

Daktari akaenda. Debora akamwaga maji, akasuuza beseni, akalianika ukutani. Halafu akaja tukasimama pale korido, watu wanapita.

"Jumatatu ulitoka kwa Cornel," akasema. "Ndipo ulipotuletea machungwa."

Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi siku hizo zote nne nimelala chini ya kile kitanda, Geofrey. Jumanne bado alikuwa anachezesha vidole vya mguu wa kulia. Ananiambia, mama, angalia, vinacheza. Tukafurahi wote wawili. Jumatano havikucheza."

Akarudi ndani. Debora aliishi miaka kumi na sita zaidi baada ya siku ile, tulikula sahani moja, tulizika ndugu pamoja, na jambo hilo hakulirudia kwangu tena.

Miguu ilirudi, lakini haikurudi yote. Mguu wa kushoto ulirudi mpaka kwenye goti. Wa kulia, ule wa vidole, ulikuja nusu, akawa anauburuza na kutumia fimbo. Habari zilifika wilayani kabla ya wiki mbili kwisha. Yahaya alipata alichokuwa akikitafuta. Nikaitwa, nikaandikishwa maelezo, nikaambiwa mimi ni mchochezi ninayehatarisha afya ya umma. Na kwa mara ya kwanza waliposema neno hilo nililiona lina ukweli, ingawa walikuwa wanalisema kwa sababu zao na si kwa ajili ya Anitha. Kipuri hakikuja. Wenye dhamana wakapata kisingizio kizuri cha kulala tena, na kisingizio niliwapa mimi. Pampu ilitengenezwa mwaka wa elfu mbili na tatu, baada ya watoto wengine watano kuzaliwa nyumbani kwetu tu, wa kaka zangu na wangu. Siku nne zile hazikununua hata boliti.

Konokono nao walirudi. Ilipofika mvua iliyofuata walikuwa wamejaa kama vile hatukuingia. Mzee Cornel alinieleza kuwa mmoja tu akibaki anatosha.

Anitha alirudi Chinyawile mwezi wa tatu kumaliza mambo yake. Alikuwa ameomba uhamisho kwenda kwao, amepata. Nilidhani hatataka kuniona, nami nilikuwa napitia njia ya nyuma ya kanisa ili nisikutane naye. Akamtuma Hana, binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, aniite shuleni. Nilipofika alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa darasani, fimbo imelala magotini, na darasa zima limekaa kimya linaningoja. Nikamsalimia. Akaniitikia vizuri tu. Akasema ratiba inaonyesha leo ni kichocho, na yeye hawezi kusimama kipindi kizima, basi Baba Hana awafundishe, kwa sababu analijua somo kuliko yeye.

Nikafundisha. Nilichora konokono, nikachora mtu na maji, nikachora mishale. Niliwaambia habari za ngozi. Niliwaambia habari za saa sita, na kwamba mwenye kuchota achote alfajiri, na maji ya kuoga yalale ndani siku mbili ndipo yatumike, na asijisaidie mtu lamboni. Niliwaambia kwamba niliyewaingiza watu majini saa mbaya ni mimi, kwa kuwa nilisoma nusu nikajaza nusu. Hilo nilikuwa nimejiandaa kulisema, nami nililisema vizuri, kwa sauti, nikaona watoto wananitazama kwa huruma. Hana alikuwa ameinamisha kichwa. Nikafuta mikono. Nikadhani nimemaliza.

"Bado," akasema Anitha kutoka nyuma. Hakupaza sauti. "Waambie na siku nne."

Watoto wakageuka kumtazama, kisha wakageuka kunitazama mimi. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nilimtazama Anitha nione kama anacheka, au kama amekasirika, na hakuwa hivi wala hivi. Alikuwa anangoja tu, kama mwalimu anavyomngoja mtoto anayejua jibu.

Nikachukua chaki tena. Nikaandika ubaoni *Jumatatu*, na chini yake nikaacha nafasi ya siku tatu nyingine.